Kiduha, Mwivi wa Mtama



Mtama au mahindi yakinyauka hali mvua imenyesha, msiseme shamba limerogwa, tazameni shinani. Huenda mkaona kiduha, mmea mfupi wenye maua mekundu, au ya zambarau katika pande za Ziwa Victoria. Mizizi yake hushika mizizi ya mtama ikainyonya, nacho huanza kudhuru kingali chini ya udongo. Mmea mmoja huzaa maelfu ya mbegu, ndogo kama vumbi, nazo hukaa ardhini hata miaka 10 na zaidi.

Basi yatupasa mambo matatu. Kwanza, kuking'oa kabla hakijatoa maua, maana kikisha kuzaa tumechelewa. Pili, kutia samadi, kwa kuwa hustawi katika ardhi iliyochoka. Tatu, kubadili mazao, tupande karanga au kunde: mizizi yake huamsha mbegu za kiduha, lakini haziwezi kuinyonya, nazo hufa.

Upepo, maji ya mvua na majembe yetu huchukua mbegu hizo shamba kwa shamba. Asiyeng'oa kwake ampandia jirani yake. Kwa hiyo na tutoke sote, wazee kwa watoto.