Kishikwambi na Mwembe wa Ujiji

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani waliokutana Kigoma)



Nilipoombwa kuzungumza juu ya vyombo vya kidijitali na namna vinavyoweza kumsaidia mtoto wa shule ya msingi kufikiri, nilitaka kukataa. Mimi si mwalimu. Ni mtumishi wa serikali, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuhesabu: madawati, matundu ya vyoo, vitabu. Lakini Katibu wetu alinikumbusha kwamba safari hii kuna jambo la fedha mbele yetu, yaani lile pendekezo la kuinunulia shule ya msingi jirani kompyuta 20, na kwamba nikinyamaza nitakuwa sikuwatendea haki. Basi nitasema, na baadhi ya nitakayosema ni aibu yangu mwenyewe.

Mnaikumbuka Sensa ya Agosti 2022. Makarani walipita nyumba kwa nyumba na vishikwambi mkononi. Kazi ilipokwisha serikali iliamua vishikwambi hivyo, karibu laki tatu nchi nzima, viende katika elimu, na walimu wakapewa. Uamuzi ulikuwa mzuri, na mpaka leo nausifu. Mwaka uliofuata nilikuwa miongoni mwa waliotumwa kuona kama vimefika. Fomu yangu ilikuwa na safu nne: vilivyopokelewa, vizima, vibovu, vilivyopotea.

Katika shule moja nilivikuta vyote kabatini chini ya kufuli, kwa kuwa Mwalimu Mkuu aliogopa kulipishwa kimoja kikivunjika. Nikaandika: vizima. Katika shule nyingine mwalimu alikuwa akisoma maelezo kwenye kioo, anayanakili ubaoni, na watoto wanayanakili kutoka ubaoni hadi daftarini. Teknolojia ilikuwa imemwongeza mnakili mmoja tu katika foleni tuliyoijua sisi wenyewe. Hapo pia nikaandika: vizima.

Isidhaniwe kwamba naikataa mashine. Kule Tanga, katika mashindano ya kimataifa yaliyoitwa Global Learning XPRIZE, watoto karibu 3,000 wa vijiji 170 walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili. Wengi wao hawakuwa wamepata kuingia darasani. Walijifunza kwa miezi 15, na idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ikapungua sana. Washindi wawili, Kitkit School na onebillion, walitangazwa Mei 2019. Hali kadhalika, tangu mwaka 2014 katuni zetu wenyewe za Ubongo Kids zimewafundisha watoto hesabu kwa kicheko. Basi kwa kusoma, kuandika na kuhesabu, ushahidi upo.

Lakini kusoma ni mlango tu. Wale mliosomea ualimu mnamjua Benjamin Bloom wa Chicago, ambaye mwaka 1956 yeye na wenzake walizipanga kazi za akili kama ngazi: chini kabisa kukumbuka, halafu kuelewa na kutumia, na juu huko kuchambua na kupima. Mashine huweza kumbakiza mtoto kwenye kidato cha chini kwa raha kabisa. Tuliliona mwaka 2012, mtihani wa Darasa la Saba ulipoanza kusahihishwa kwa kompyuta: hata hesabu ikawa ya kuchagua herufi na kutia kivuli. Kompyuta ilifanya kazi yake upesi na bila upendeleo, ila njia ya mtoto kufikia jibu haikuiona. Baadaye maswali machache ya kuandika jibu yakarudi.

Sasa niwapeleke Ujiji.

Ilikuwa shule ya msingi ya kawaida, Darasa la Tano, watoto zaidi ya sabini. Mwalimu, kijana wa huku huku kwetu, alikuwa akifundisha habari tuliyoikariri sote: Stanley alimkuta Livingstone hapa Ujiji mwaka 1871, chini ya mwembe. Juma moja kabla alikuwa amewapeleka kwa miguu kwenye mnara. Mtoto mmoja akanyoosha mkono. Alisema wazee wa kwao husimulia kwamba siku zile maji yalikuwa karibu na mwembe. Mbona yeye ametembea mpaka akachoka kutoka mnarani hadi ziwani?

Mimi nimepita pale tangu utoto na sikupata kujiuliza hivyo hata siku moja.

Mwalimu hakujibu. Aliwagawa kwa makundi, kila kundi likatoa dhana yake na kuiandika ubaoni. Wengine walisema mchanga umeletwa na mawimbi. Wengine, watu wameujaza ufuo. Wengine, ziwa linakauka. Kundi la nyuma lilisema mnara umewekwa mahali pasipo penyewe, na darasa likacheka. Mwalimu akaliandika hilo nalo. Ndipo alipotoa kishikwambi cha sensa. Alikuwa amekwisha kuhifadhi picha za ufuo wa Ujiji zilizopigwa na setelaiti, mwaka baada ya mwaka tangu 1984, kwa bando la fedha yake. Kila kundi likaja mbele kwa zamu, likatazama mstari wa maji ukisogea, likarudi kuandika lililoliona. Waliona kwamba mstari haukai mahali pamoja, na kwamba tangu mwaka 2020 umeingia nchi kavu. Basi wa "ziwa linakauka" wakafuta dhana yao wenyewe, kwa mkono wao.

Halafu msichana mmoja akasema: "Lakini Mwalimu, mwaka 1871 setelaiti haikuwapo."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoiweka kalamu yangu chini. Mtoto wa miaka kumi na moja alikuwa ameona mwisho wa uwezo wa chombo alichokishika. Mwalimu akakubali, akawapa kazi ya siku tatu: waulize wazee, wapime hatua kutoka mnarani hadi majini, naye atatafuta maandishi.

Nilirudi siku ya nne, ingawa safari hiyo haikuwamo katika ratiba yangu. Maandishi yalikuwa yamepatikana. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga, ng'ambo huko Kongo karibu na Kalemie. Cameron alipoufikia mwaka 1874 aliukuta umezibwa na majani na matope, na maji ya ziwa yalikuwa yakipanda. Mwaka 1878 hivi kizuizi kikabomoka, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kama meta 10. Ufuo wa Ujiji ni tambarare, kwa hiyo maji yakaenda mbali. Kundi la mchanga halikushindwa kabisa, maana mchanga upo. Ila walikubali wenyewe kwamba hautoshi kueleza.

Hata hapo hawakukoma. Miaka ya nyuma, maji yalipopungua, yalikuwapo mazungumzo baina ya nchi za ziwa hili juu ya kujenga banio Lukuga ili yasitoke mno. Watoto walibishana: je, banio ni jema au baya, sasa ambapo maji yamepanda na watu wa pwani wamehama nyumba zao? Mtoto wa mvuvi alisema hivi, mtoto aliyehamishwa na maji akasema vile, na kila mmoja alidaiwa ushahidi. Jibu la swali hilo halimo katika kishikwambi chochote. Siku hizi mashine humwandikia mtu hata insha nzima. Basi maswali ya namna hiyo ndiyo yaliyobaki kuwa yetu.

Nilipotoka, nilifungua fomu yangu. Nikaandika: kimoja, kizima. Hapakuwa na safu nyingine, nami sikuwa na ujasiri wa kuchora mstari wa tano kwa rula. Mwalimu yule alikwisha kukumbushwa kwamba yuko nyuma ya muhtasari wa somo. Taarifa yangu ingaliweza kumkinga; haikumkinga. Alihama mwaka uliofuata.

Kwa sababu hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba pendekezo la kompyuta 20 lirekebishwe. Tununue projekta moja, paneli ya sola na betri yake, tulipie bando kwa mwaka mzima, na fedha itakayosalia iwe nauli na chakula cha walimu wa kata hii, wakutane kila mwezi watungiane maswali na kuyajaribu. Kufuli la kabati tutalilipia sisi: kifaa kikivunjika kwa kutumiwa, chama kibebe hasara, na hilo liandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Mimi nimekwisha kumkabidhi Mweka Hazina mchango wangu. Nimeandika pia fomu mpya ya ukaguzi kwa ajili ya mradi huu, ukurasa mmoja, na safu yake ya kwanza inasema: watoto waliuliza nini? Nakala zipo mezani pale karibu na mlango.