Kukosea na Kumkosea: Makosa Yanayowaudhi Wapenzi wa Riwaya ya Kiswahili



Nawashukuru kwa kukubali mhadhara huu ufanyike hapa Tumbi badala ya kampasi, kama ilivyo desturi. Sababu ya ombi langu ni rahisi. Eneo hili lilianza kuwa kituo cha elimu kutokana na makubaliano ya mwaka 1963 baina ya Tanganyika na nchi za Nordiki, na tangu mwaka 1970 liko mikononi mwa Shirika la Elimu Kibaha. Shule, chuo, maktaba na hospitali vimekaa jirani. Mwanafunzi wa kidato cha sita, mwalimu wake na muuguzi anayerudi zamu wanaweza kuwa wamesoma nakala ileile ya riwaya ileile. Sababu ya pili ni ya aibu kidogo: ni hapa ndipo niliposahihishwa.

Kilikuwa kikao kidogo cha walimu na wazazi kuhusu vitabu teule. Nilipewa nusu saa kuzungumzia Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, na katika nusu saa hiyo nilifanya makosa matatu. Nilitaja mwaka wa kuchapishwa kwake kuwa 1989 badala ya 1999. Nilikosea umri wa Bwana Raza, mume mtu mzima ambaye Yasmin aliozwa angali binti mdogo. Kisha nikasema kwamba Mwajuma, shoga yake Yasmin, "anawakilisha wanawake walevi waliopotoka katika jamii". Makosa mawili ya kwanza yalisahihishwa na mwalimu mmoja kwa tabasamu, tukaendelea. La tatu lilimwinua mama mmoja aliyeketi nyuma, muuguzi mstaafu, ambaye alikisoma kitabu hicho wakati mwanawe akijiandaa kwa mtihani. Akasema: "Profesa, samahani. Yasmin alipofungiwa mlango na watu wake, nani alimfungulia?" Nikajibu kuwa ni Mwajuma. "Basi binti yako akifukuzwa usiku, utaomba afunguliwe na nani? Na hao walionyooka?" Kisha akaongeza maneno ambayo ndiyo yaliyozaa mhadhara huu: "Umemkosea Mwajuma."

Mimi ni mwanaisimu, si mhakiki wa fasihi, na sikio langu lilikinasa kitenzi kabla moyo haujalipokea karipio. Tazameni jinsi lugha yetu inavyofanya kazi hapa. Mzizi ni uleule, -kos-. Mtu hukosa njia, hukosa usingizi, hukosa adabu. Tukiongeza kiambishi cha kutendea tunapata kukosea, nacho kina maana mbili ambazo kamusi huziorodhesha bila kutueleza zinatenganaje. Nikisema "nimekosea tarehe", nimeeleza upungufu wa usahihi, tarehe haikuumia. Nikisema "nimemkosea mama", nimekiri hatia, na sharti niende kuomba radhi. Kinachotenganisha maana hizi ni aina ya yambwa: iwapo ni kitu, kukosea ni kutokuwa sahihi, iwapo ni mtu, kukosea ni kumtendea ubaya. Yule mama aliutumia upatanisho wa kisarufi wa mtu hai kwa mtu ambaye hajapata kuishi, na hakuna hata mmoja ukumbini aliyeona ajabu.

Dai langu leo ni kwamba hapo ndipo ulipo mpaka tunaoutafuta. Katika wingi wa makosa yanayosemwa kuhusu hadithi tuzipendazo, yanayowaghadhibisha wapenzi wake kwa dhati ni yale tu ambayo msomaji anaweza kuyasema kwa sentensi ya "umemkosea fulani". Mengine hutuchekesha, hutuchosha, au hutupa fursa ya kujionyesha kuwa tunajua.

Tuanze na kosa kubwa kuliko yote katika masimulizi ya pwani yetu, ambalo halijapata kumkasirisha mtu. Abunuwasi wa hekaya zetu, yule mjanja wa kumtoa sultani jasho, ana jina la mshairi wa kweli wa lugha ya Kiarabu aliyeishi Baghdad katika karne ya 8 na mwanzoni mwa ya 9. Mshairi huyo alisifika zaidi kwa tungo zake za mvinyo. Yaliyotendwa na wajanja wengi wa nchi nyingi yamekusanywa kichwani pake. Ukimweleza bibi anayesimulia kuwa historia yake ina kasoro, atakutazama kwa huruma. Lakini jaribu mbele ya wajukuu zake kumfanya Abunuwasi azidiwe akili na tajiri, hadithi ikaishia hapo. Utapigiwa kelele. Watoto watakuachia ubadilishe mji, mnyama na idadi ya vyungu; hawatakuachia ubadilishe nani ni mwerevu.

Hata wasomi wana makosa wanayoyafurahia. Wasomaji wa Sherlock Holmes wanajua kuwa Arthur Conan Doyle aliliweka jeraha la Daktari Watson begani katika kitabu cha mwaka 1887, kisha likahamia mguuni katika kitabu cha mwaka 1890. Kwa zaidi ya karne moja watu wazima wenye kazi zao wameandika maelezo ya kulipatanisha bega na mguu, nao hufanya hivyo kwa raha. Lakini mwandishi huyohuyo alipomuua Holmes mwaka 1893, bila kukosea tarehe wala kiungo cha mwili, wasomaji walighadhibika hata shinikizo lao likachangia kumrudisha. Ile haikuwa kasoro ya habari. Waliona mtu wao ametendewa ubaya.

Kwetu mfano ulio karibu ni Kusadikika na Kufikirika za Shaaban Robert. Sijui mara ngapi nimesikia mwanafunzi akimpeleka Karama, yule aliyeshtakiwa na Waziri Majivuno, katika nchi ya Kufikirika. Wazee wa idara hucheka tu, nami naona wana haki ya kucheka, kwani mtego umetegwa na sarufi yenyewe. Majina yote mawili ni vitenzi-jina vyenye kiambishi cha kutendeka, sadikika na fikirika. Yana urefu unaolingana na mwisho unaofanana. Ulimi ulioyasoma yote mawili ndio hasa unaoweza kuyachanganya. Kuteleza si kuanguka. Lakini mwanafunzi akiandika kuwa Karama alishtakiwa kwa sababu alikuwa mkaidi asiyeheshimu viongozi, hapo kicheko hukoma. Karama alitaka kuwafundisha watu elimu ya sheria. Mwenye kumwita mkaidi amekwisha kuketi upande wa Majivuno, pengine bila kujua.

Bwana Msa naye huniumiza kwa namna hiyo, na hapa nakiri upendeleo, kwa kuwa nimemsoma tangu ujana. Muhammed Said Abdulla alimtoa mbele ya umma katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960. Watu huchanganya mpangilio wa vitabu vilivyofuata, na sina ugomvi nao; mimi mwenyewe hulazimika kutazama rafu nisije nikakiweka Siri ya Sifuri kabla ya Duniani Kuna Watu. Lakini mara kwa mara huandikwa kuwa Bwana Msa ni "askari mpelelezi" au "inspekta". Inspekta yumo, jina lake Seif, naye ana sare na madaraka yake. Bwana Msa ana kiko, rafiki yake Najum, na akili. Kitabu kile kiliandikwa Unguja ikiwa bado chini ya Waingereza, na sehemu kubwa ya utamu wake ni kumwona raia wa kawaida, asiye na cheo wala pingu, akiona kile ambacho jicho la serikali limekipita. Ukimvika sare umempokonya heshima ambayo mwandishi alimpa. (Willy Gamba wa Elvis Musiba ni habari nyingine: yule ni mtumishi wa serikali tangu Kufa na Kupona ya mwaka 1974, na ukimwondolea serikali hana safari.)

Kuna kosa moja ambalo kwa muda mrefu lilinitatiza kuliweka upande wowote. Riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1978 inaitwa Kasri ya Mwinyi Fuad. Wengi husema "Kasri la Mwinyi Fuad", kwa sababu katika usemi wao neno hilo linaingia katika ngeli ya li-ya. Anayesema hivyo kwa mazoea amekosea jina la kitabu, basi. Lakini nimewahi kuona zoezi la sarufi ambamo jina hilo liliandikwa kama lilivyo jaladani, na wanafunzi wakaamriwa "kusahihisha". Nilihisi damu ikichemka, na sikuelewa kwa nini nilikasirikia kiambishi kimoja. Sasa naelewa. Mtunga zoezi hakukosea kasri. Alimkosea mwandishi, mzaliwa wa Unguja aliyeandika lugha aliyoinyonya, kwa kumketisha kwenye dawati la mwanafunzi aliyefeli.

Sitaki nieleweke kuwa hasira ya mpenzi wa kitabu ni ya haki siku zote. Amil Shivji alipoitoa filamu ya Vuta N'kuvute mwaka 2021, aliyafanya mapenzi ya Yasmin na Denge kuwa mhimili wake, na mengi ya kitabuni yakabaki nje. Msomaji wa kitabu anaweza kuyatamani yaliyoachwa; mimi niliyatamani. Lakini kuacha si kusingizia. Filamu haina kurasa, na mwenye kuchagua ameonyesha wazi alichochagua. Mpenzi anayedai kila sura irudishwe anatetea mali, hatetei mtu.

Nirudi kwa Mwajuma, maana nataka kusema ile sentensi yangu ilitoka wapi. Sikuitunga. Niliinyanyua kutoka katika lugha ya vijitabu vya uchambuzi wanavyonunua wanafunzi, ambavyo mimi mwenyewe nimevilaumu hadharani mara nyingi. Kitenzi kikuu cha lugha hiyo ni kuwakilisha. Raza anawakilisha wazee wapenda wasichana. Denge anawakilisha wapigania uhuru. Mwajuma anawakilisha walevi. Kitenzi hiki kina kazi nzuri bungeni. Katika riwaya humfanya mtu kuwa sampuli, na sampuli haiwezi kukosewa. Tunawafundisha vijana istilahi za mhusika bapa na mhusika mviringo, kisha tunawapa kitenzi ambacho humbapaza kila mmoja. Mwanafunzi aliyekisoma kitabu chote na aliyesoma kurasa nne za uchambuzi huandika sentensi moja, na hupata alama moja. Hilo lingekuwa jambo la kuvumilika lau lingeishia hapo. Lakini mara nyingine aliyesoma hupata pungufu.

Najua, kwa sababu nimewahi kumnyima. Nilikuwa nasahihisha mtihani wa majaribio wa fasihi, miaka mingi iliyopita, na swali lilihusu Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, kitabu cha mwaka 1971 ambacho kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni. Mwongozo wa kusahihishia ulitaka watahiniwa waeleze kuwa Rosa aliponzwa na uhuru alioupata akiwa mbali na nyumbani. Msichana mmoja akaandika kuwa wa kuulizwa kwanza ni Zakaria, baba mlevi aliyewalinda binti zake kwa kipigo hata Rosa akatoka nyumbani bila kujua namna ya kuzungumza na mvulana. Aliandika kurasa mbili. Alikosea jina la kijiji, na mwaka wa kitabu pia aliukosea. Nikamwekea alama nyekundu kwenye kijiji na kwenye mwaka, na kando ya hoja yake nikaandika: "Nje ya swali."

Nilikirudia kitabu hicho baada ya ile siku ya yule mama wa Tumbi. Nilikisoma usiku mmoja, na nilipofika pale Zakaria anapompiga Rosa kwa sababu ya barua ya Charles, nikaweka kitabu chini. Msichana yule alikuwa amekosea kijiji. Mimi nilikuwa nimemkosea Rosa, na nilikuwa nimemkosea yeye.

Karatasi za majaribio hurudishwa kwa wenyewe, na hakuna daftari linalotunza hoja, ila alama. Jina lake silikumbuki. Nakumbuka mwandiko uliolalia kushoto, wino wa bluu uliopauka kuelekea mwisho wa ukurasa wa pili, na alama niliyompa: 4 kati ya 20.