MGENI NA UFUNDI WAKE
Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama



Sikuja kuwafundisha, maana humu wamo wazee walioingia kazini kabla yangu, na baadhi yao ndio walionionyesha jinsi ya kufungua jalada. Nimekuja kuweka mbele yenu shauri moja linalozungumzwa leo sokoni, bandarini na katika magazeti ya nchi nyingi: je, mgeni ajaye kufanya kazi au biashara katika nchi ya watu, apokelewe au azuiliwe? Naomba mnivumilie, na mwisho mnikosoe.

Nianze na nyumbani. Mwezi wa Julai 2025 Serikali ya Tanzania ilitoa amri ya kuwakataza watu wasio raia kufanya biashara za namna 15. Miongoni mwake ni kuuza bidhaa kwa jumla na rejareja, kutuma na kupokea fedha kwa simu, kutengeneza simu, kazi ya saluni, kuongoza watalii, uchimbaji mdogo wa madini, na kununua mazao shambani, ingawa kwa baadhi ya hizo mna ruhusa za pekee. Avunjaye amri hiyo hupaswa na faini isiyopungua Shs. 10,000,000 au kifungo kisichozidi miezi sita. Na raia amsaidiaye hasalimiki.

Amri hii ilipokewa kwa namna mbili. Wafanyabiashara wa Kariakoo, ambao kwa muda mrefu walilalamika kuwa wageni wamekuja kushindana nao hata katika duka dogo, walifurahi. Jirani zetu wa Kenya walinung'unika, wakasema kwamba Mapatano ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, yaliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, yanampa raia wa nchi mwanachama haki ya kukaa na kufanya biashara katika nchi nyingine. Mimi naona kila upande una neno la haki. Kibanda cha kutuma fedha hakihitaji ufundi usiojulikana kwetu. Mwananchi akisukumwa pembeni katika kazi hiyo, apata hasara pasipo faida yo yote. Lakini ahadi iliyotiwa sahihi na jirani nayo ina uzito wake, na yafaa izungumzwe naye mezani.

Walakini, waungwana, liko jambo ambalo amri hii haiwezi kutupa, hata ikishikwa barabara namna gani. Haiwezi kutupa ufundi ambao hatunao. Mlango waweza kufungwa kwa siku moja, bali kazi ya fundi hujifunzwa kwa miaka.

Tutazame taifa kubwa lenye mali lilivyopata somo hili. Katika jimbo la Georgia, Marekani, karibu na mji wa Savannah, makampuni mawili ya Korea ya Kusini, Hyundai na LG, yalikuwa yakijenga kiwanda cha betri za magari ya umeme. Marekani yenyewe ilivitaka viwanda vya namna hiyo, ili raia wake wapate kazi. Tarehe 4 Septemba 2025 maafisa wa Serikali waliingia hapo wakakamata watu 475. Zaidi ya 300 kati yao walikuwa Wakorea, na wengi wa hao walikuwa wamekwenda kusimamisha mitambo na kuijaribu. Serikali ilisema kuwa vibali vyao havikuruhusu kazi ile, au muda wao umekwisha. Baada ya juma moja walipandishwa ndege wakarudi kwao.

Matokeo yake yalikuwaje? Kazi ya kiwanda ilichelewa. Watu wa Korea walikasirika, na Rais wao, Lee Jae-myung, alisema makampuni ya nchi yake yatasita kupeleka mali yao Marekani. Hazikupita siku nyingi, Rais Trump mwenyewe akanena kwamba hapendi kuwatisha wenye mitaji wa nchi za nje, na kwamba inafaa mafundi wao waje kwa muda wawafunze Wamarekani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anayeutaka mtambo hana budi kumpokea aujuaye, kisha kumwangalia mpaka amemfundisha mwenyeji.

Msidhani kwamba Wakorea wako mbali nasi. Treni za umeme zinazotoka Dar es Salaam kwenda Dodoma tangu mwaka 2024 ziliundwa na kampuni ya Korea, Hyundai Rotem. Na njia yenyewe hapo ilijengwa na kampuni ya Uturuki, Yapi Merkezi. Kila tupandapo treni hizo twapanda juu ya ujuzi wa wageni. Si aibu. Aibu itakuwa ikiwa baada ya miaka 30 itatubidi kuwaita tena kwa kazi ile ile.

Nasema hivyo kwa sababu tunayo reli ya kutukumbusha. Reli ya TAZARA, ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, ilijengwa pamoja na Wachina tangu mwaka 1970 hata 1975, ikakabidhiwa mwaka 1976. Vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusoma uhandisi wa reli, na hilo lilikuwa jambo la busara. Hata hivyo, mwezi wa Septemba 2025 mapatano yalitiwa sahihi ili kampuni ya Kichina iitengeneze na kuiendesha reli hiyo kwa miaka 30, kwa gharama ya dola bilioni 1.4 za Kimarekani. Sababu za kudhoofika kwake ni nyingi, uhaba wa fedha na vipuri ukiwamo, wala siwatwiki mafundi wetu lawama. Nauliza tu: safari hii, nani atakayehesabu vijana waliofunzwa, na wamefunzwa nini?

Jibu langu ni kwamba sisi makarani twaweza kuhesabu. Sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni yamtaka mwajiri anayeomba kibali cha mgeni aonyeshe mpango wa kurithisha ujuzi wa mgeni huyo kwa raia. Ni sheria njema. Lakini sheria hukaa ndani ya jalada, na jalada hupita mikononi mwa karani.

Hapa sina budi kuungama. Katika afisi moja niliyopata kutumika, nilipokea majalada ya namna hiyo. Mpango ulikuwa karatasi moja, yenye maneno yale yale kila mwaka, na jina la kijana mmoja wa kufunzwa. Mimi nilitazama kama karatasi imo, nikatia alama, nikapeleka mbele. Baadaye nilikutana na kijana yule kituo cha basi. Nikamwuliza, "Ndugu yangu, ufundi umefikia wapi?" Akacheka, akasema, "Bwana, mimi nabeba mikoba na kuagiza chai. Mashine sijaigusa." Miaka mitatu jina lake lilikuwa limefanya kazi katika jalada, na yeye mwenyewe hakufunzwa neno. Kosa lilikuwa la mwajiri, lakini alama ilikuwa yangu.

Basi nawaombeni mambo matatu. Kwanza, karatasi ya mpango isomwe kama isomwavyo hesabu ya fedha. Pili, kibali kinapoombwa upya, tumwarifu mkuu wetu kwa barua kwamba yafaa aliyetajwa aitwe, aulizwe amejifunza nini, naye aonyeshe. Tatu, mgeni aliyekuja kwa haki na anayefundisha kweli asicheleweshwe kwa kutafutiwa makosa, wala asidaiwe rushwa. Karani amtozaye mgeni mlungula huuza elimu ya mtoto wa mwenzake, maana mgeni huyo akilipa, hadaiwi tena kufundisha.

Wazee wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Tena walisema, "Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe." Watu hudhani methali hizi zapingana, kumbe moja yaifuata nyingine. Mwenyeji hupona kwa mgeni aliyeshika jembe, na zaidi akiwa amesimama karibu naye akitazama mkono wake unavyokwenda.

Huyo kijana wa kituo cha basi nimemweleza kwamba nitasema habari zake leo bila kumtaja jina. Alikubali, akaniomba jambo moja tu: nikiona tena jina lake katika jalada, nimwite.