TAPU NDOGO IKIVUNJIKA, NANI ALIPE?

(Maneno yaliyosemwa na mfanyakazi wa reli mbele ya wanachama, Dagoretti)



Nimeombwa niseme machache juu ya tapu ndogo, yaani kile chuma kigumu cha kukata hesi ndani ya tundu ili skrubu iingie. Wengine wataona ni jambo dogo. Lakini hapa tumo watu wa reli, watengeneza vyerehani na kufuli, na mafundi wa magari wa Barabara ya Ngong. Sote twajua kwamba tapu nyembamba kama kijiti cha kiberiti ikivunjikia ndani ya kitu cha thamani, maneno huwa mengi, na pengine mshahara hupungua.

Kwanza ni kuchagua. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899 ilikuja na hesi za Waingereza. Ile ya Whitworth, iliyopendekezwa mwaka 1841, meno yake yana pembe ya digrii 55. Hesi ya metriki ina digrii 60. Ile iitwayo BA, ya vyombo vidogo, ina digrii 47 na nusu. Sasa sikilizeni: BA namba 0 ina upana wa milimita 6, na toka jino hadi jino ni milimita 1. Metriki ya milimita 6 ni vivyo hivyo! Kwa macho huzitambui, lakini pembe si moja. Skrubu huingia kidogo ikakaza, au huingia yote ikashika vibaya.

Mafundi wa bunduki wanalijua sana jambo hili. Tundu za kufungia darubini juu ya bunduki nyingi za Marekani ni za 6-48: upana karibu milimita 3.5, meno 48 kwa inchi. Ukitia tapu ya metriki ya 3.5 umeharibu, maana meno yake yameachana milimita 0.6, na yale mengine karibu 0.53. Kazi hiyo ya bunduki ni ya mwenye kibali cha serikali tu, mtu asiijaribu nyumbani. Lakini fundisho ni letu sote: pima kwa geji ya hesi kabla ya kushika tapu.

Pili ni tundu. Kwa metriki, toa nafasi ya jino kutoka katika upana. Skrubu ya 3 hutaka biti ya 2.5, ya 4 hutaka 3.3, ya 5 hutaka 4.2, ya 6 hutaka 5. Tundu likiwa dogo kuliko hapo, tapu hubanwa na kukatika.

Tatu ni kutumia. Tapu huwa tatu katika seti. Ile yenye ncha ndefu iliyochongoka huanza, ya pili hufuata, ya tatu humaliza tundu lisilotokea upande wa pili. Funga kazi katika jiriwa, simamisha tapu wima, uipime kwa guniya pande mbili. Tumia mpini mdogo, kwa sababu mpini mrefu huficha uzito ambao mkono ungeusikia. Zungusha nusu mbele, rudisha robo, ili vipande vikatike. Chuma cha pua kitie mafuta, alumini itie mafuta ya taa, chuma cha kusubu kikate kikavu. Tundu lisilotokea, toa tapu mara kwa mara ulisafishe. Na ikivunjika, vaa miwani kabla ya kugusa kwa tindo, kwa kuwa chuma hicho huruka kama kioo.

Sasa swali la nani alipe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, humruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la kusudi la mfanyakazi. Neno kubwa hapo ni kusudi. Tapu butu uliyopewa, ukaifanyia kazi kwa njia niliyoieleza, ikakatika, hapo kusudi liko wapi?

Basi fanyeni hivi. Tapu ikiwa butu, mwambieni msimamizi kabla ya kuanza, na mwandike tarehe. Ikivunjika, vipande visitupwe: viwekeni, andikeni biti gani ilitumika, kisha mpelekeeni mwakilishi wa chama siku hiyo hiyo. Mwakilishi hawezi kutetea maneno matupu, lakini kipande chenye meno yaliyolika kinaonekana na kila mtu mezani.

Nasi kwa upande wetu tusifanye haraka. Anayelazimisha tapu ili awahi gari la jioni humpa mwajiri sababu, na huwaharibia wenzake wanaofuata njia.