Kinga Iliyomo Ndani ya Mbegu: Tofauti za Asili za Mahindi Mbele ya Bungua



Mkulima akikuta mabua yamevunjika shambani, humlaumu mdudu. Jioni hii naomba tuuangalie mmea wenyewe. Mahindi ya mbegu mbili tofauti, hata yakipandwa kwenye udongo uleule, hayajikingi kwa namna moja. Tofauti hiyo ni akiba, nasi tunaipunguza kwa jinsi tunavyochagua mbegu.

Mtazameni bungua wa mabua, Chilo partellus, aliyetoka Asia na kuenea Afrika Mashariki katika karne iliyopita. Nondo jike hutaga usiku, mayai yakilaliana juu ya jani kama magamba ya samaki. Baada ya siku chache viwavi huanguliwa, hula majani machanga, kisha hutoboa bua na kuingia. Wakishajificha humo, dawa ya kunyunyiza huwafikia kwa shida.

Mwaka 2011, watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu chenye kambi yake Mbita, Kenya, kando ya Ziwa Victoria, pamoja na wenzao wa kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, walichapisha jambo la ajabu. Mahindi ya kienyeji yakitagiwa mayai tu, kabla jani halijaguswa na jino, hubadili harufu yake. Hata majani ya mmea huo yasiyo na mayai huitikia. Harufu hiyo huwavuta nyigu wadogo wa namna mbili: Trichogramma, anayetaga ndani ya yai la nondo, na Cotesia, anayemshambulia kiwavi. Huyu wa pili huvutwa hata kabla kiwavi hajaanguliwa! Mbegu za wakulima wa Kenya, kama Nyamula na Jowi, zimeonyesha uwezo huo. Chotara za kibiashara zilizopimwa katika utafiti wa 2011 hazikuonyesha.

Chini ya ardhi mambo ni hayohayo. Mizizi ya mahindi kadhaa ya Ulaya ikiliwa na lava wa mbawakawa Diabrotica, hutoa kariofilini, kemikali inayowavuta minyoo wadogo wanaowaua lava hao. Aina nyingi za Amerika Kaskazini haziitoi. Mwaka 2009 wanasayansi waliurudisha uwezo huo kwa jeni ya mmea wa oregano.

Hakuna mzalishaji mbegu aliyekusudia kuufuta uwezo huu wa kujikinga. Lakini ukichagua kwa mavuno peke yake, katika mashamba yaliyopigwa dawa, mmea wenye kinga hauna nafasi ya kuonyesha ubora wake. Tena kinga ina gharama: sukari na nitrojeni zinazotumika kutengeneza kemikali haziendi kwenye punje. Pasipo na mdudu, asiyejikinga ndiye hushinda.

Sisemi tuzitupe chotara. Zimelisha watu wengi. Nasema kila jaribio la mbegu liwe na kitalu kisichopigwa dawa, kilichowekewa mayai ya nondo, na harufu ipimwe kama tunavyopima magunia. Mbegu za kienyeji nazo ziendelee kulimwa, maana ghala la baridi huhifadhi punje lakini halina bungua wa kuzichuja. Nao nyigu wapunguziwe sumu: harufu isiyo na wa kuiitikia haimwokoi mkulima.