Muzee anayesahau, akae kwa nani?



Hapa Kinkondja hakuna nyumba ya kulea wazee wanaosahau. Kuko nyumba zetu tu. Kazi yetu ni kuchagua: nyumba gani, na nani wa kulinda.

Tulirudia kutoka ukimbizi pamoja na wazee. Lakini mama mmoja wa kwetu, mu kichwa hajarudia bado. Kila mangaribi anafunga mzigo: "Twende kwetu." Kumbe iko kwake! Siku moja wavuvi walimkuta ndani ya ziwa Kisale, maji mu magoti.

Watoto wake walikuwa wanamzungusha, mwezi huku, mwezi kule. Sisi tulizani ni haki. Kumbe kila nyumba mupya ilimvuruga zaidi. Wengine wakasema ni bulozi. Hapana, ndugu. Ni ugonjwa wa ubongo. OMS inahesabu watu zaidi ya milioni 55 duniani. Dawa ya kuuponyesha haijapatikana.

Basi tulichagua nyumba moja, kwa binti wake, mbali na maji. Wengine wanaleta samaki, unga wa bukari, sabuni, na wanalinda kwa zamu ili binti aende shamba. Mama akisema "twende kwetu", hatubishani. Tunatembea naye kidogo, tunarudi.

Wafadhili, hatuombi jengo. Mutusaidie sabuni, mikeka na taa za usiku. Na wewe memba, usifiche muzee wako. Utuite.