Mapenzi ya Shuleni na Mkono wa Sheria

Mjini Mumias, Kaunti ya Kakamega, mapenzi ya kwanza mara nyingi huanzia kwenye kikaratasi kilichokunjwa ndani ya daftari la hesabu, au katika mazungumzo ya jioni kwenye njia inayokata mashamba ya miwa. Hata hivyo, Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 haitambui ridhaa ya aliye chini ya miaka 18, na tendo la ngono naye huitwa unajisi, kosa ambalo adhabu yake, mtoto huyo akiwa na miaka 16 au 17, ni kifungo kisichopungua miaka 15. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilieleza kuwa mjadala wa kitaifa kuhusu umri wa ridhaa umechelewa, kauli iliyopingwa na watetezi wa watoto waliohofia kwamba watu wazima wangepata mwanya wa kuwarubuni wasichana.

Hofu hiyo ina msingi, lakini mvulana na msichana wa darasa moja hawalingani na mtu mzima anayemvizia mwanafunzi. Sera inayomruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni, iliyoanza 1994 na kuwekewa mwongozo mpya 2020, husaidia baada ya mambo kuharibika. Kinachotangulia ni malezi: mzazi na mwalimu waeleze balehe, yaani mabadiliko ya mwili na hisia yanayomvusha mtoto kuelekea utu uzima, kabla polisi na mahakama hawajalazimika kuingilia.